Daktari, na Lile Jambo Lingine?

Mhadhara kwa umma kuhusu tendo la ndoa baada ya upasuaji wa matundu madogo

Nyinyi wanaume mliojibanza safu ya nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Habari ya leo inawahusu kuliko mlivyodhani mlipokuwa mnawasindikiza wake zenu.

Nianze na huo mlango. Nimetibu magonjwa ya wanawake miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mgonjwa hasemi lililomleta akiwa amekaa kitini. Kitini anasema tumbo limejaa, mshono unawasha, anauliza kama dagaa anaruhusiwa. Unamwandikia dawa, anakunja cheti chake, anajitanda mtandio, anasimama, anaaga. Ameshashika kitasa. Hapo ndipo anageuka, sauti imeshuka: "Daktari, na lile jambo lingine?" Siku hizi nikiona mkono umekwenda kwenye kitasa, naweka kalamu chini, maana kliniki ndiyo kwanza inaanza.

Lile jambo lingine ni tendo la ndoa. Mama huyu ana wiki 6 tangu atolewe kizazi kwa njia ya matundu madogo. Tumboni ana vialama vinne, hakuna hata kimoja kinachozidi upana wa kifungo cha shati. Mumewe yuko nje kwenye benchi na gazeti. Anataka kujua arudi lini, ataumia au hataumia, mume ataona tofauti au hataona. Na liko jingine ambalo hata kwenye kitasa halisemwi, lazima ulisome usoni: mimi bado ni mwanamke?

Msimamo wangu niuseme mapema, ili mwenye haraka aondoke nao. Yale matundu ya tumboni, yawe matatu au matano, siyo yanayoamua maisha ya chumbani. Yanayoamua ni ugonjwa uliokupeleka hospitali, kile kilichotolewa ndani, kile kilichoachwa, na maneno uliyoambiwa au usiyoambiwa kabla ya kupewa nusu kaputi. Sisi madaktari tumeusifia udogo wa tundu mpaka watu wamesahau kuuliza ndani kumefanyika nini.

Kwa ambaye hajapata kuuona, upasuaji wenyewe uko hivi. Ukishalala usingizi wa dawa, tunakata kidogo kwenye kitovu na kuingiza hewa ya kabonidioksidi, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Tumbo linafutuka, ukuta wake unanyanyuka mbali na utumbo, tunapata nafasi. Tunaingiza kamera nyembamba, na kupitia matundu mengine ya milimita 5 hadi 10 hivi tunapitisha vifaa virefu vya kushika, kukata na kuunguza. Kazi tunaitazama kwenye runinga. Mama mmoja aliamka kesho yake akanilalamikia kwamba manesi walimwangusha akiwa usingizini: kapasuliwa tumbo, iweje linalouma ni bega? Hakuangushwa. Hewa iliyobaki husumbua kiwambo, yaani ule msuli mpana wa kupumulia chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo una shina moja na ngozi ya bega. Siku mbili tatu linaisha. Lakini alikuwa na haki ya kushuku, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Njia hii si kongwe. Kurt Semm, daktari wa wanawake mjini Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa matundu mwaka 1980, na madaktari wa upasuaji wa nchi yake wakampinga vikali. Mwaka 1988 Harry Reich, huko Pennsylvania, Marekani, akatoa kizazi kwa njia hiyo, wa kwanza kufanya hivyo. Leo inafanyika katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, kwa mwenye bima au mwenye kudunduliza. Nami huwakumbusha vijana wangu, kwa kuwa mashine zina namna ya kutupumbaza, kwamba njia isiyoacha kovu hata moja tumboni ilikuwepo zamani: Conrad Langenbeck, Mjerumani naye, alitoa kizazi kupitia ukeni mwaka 1813. Mpaka leo, pale inapowezekana, ndiyo njia ninayoipenda, na haihitaji runinga.

Sasa, nimekuja na foronya. Msicheke, nimeitoa kwenye kabati langu mwenyewe.

Tazameni. Upande huu uko wazi, upande ule umefungwa. Uke ni foronya: mlango mmoja wa nje, na kule mwisho, juu, umefungwa na mlango wa kizazi, ambao unachomoza kwa ndani kama ncha ya pua. Tukitoa kizazi pamoja na mlango wake, kule mwisho panabaki wazi. Tunapashona, uzi na sindano, kama fundi cherehani anavyofunga foronya. Pitisheni mkono: utafika kwenye mshono, basi, hakuna zaidi. Hakuna tundu linaloelekea tumboni, hakuna shimo lisilo na mwisho. Mwanya uliobaki pale kizazi kilipokuwa unajazwa na utumbo siku hiyohiyo. Uke wenyewe umepungua urefu kidogo tu, na uke ni kiungo kinachotanuka na kurefuka mwanamke anapokuwa na hamu. Mume anayesema "nimeona pengo" kasikia barazani kwamba pana pengo, akaenda kulitafuta.

Lakini mshono huu ndio unaonikosesha usingizi. Vidonda vya tumboni hukauka ndani ya siku chache. Mama anajitazama kwenye kioo, anaona vialama vinne vimefunga, maumivu yameisha, anaosha vyombo, anapanda daladala, anasema nimepona. Aliyepasuliwa tumbo kwa mkato mrefu haji na wazo hilo, maana kila akikohoa tumbo linamkumbusha. Yule wa matundu hana cha kumkumbusha. Mshono uliobaki uko mahali asipopaona, penye unyevu, pasipo na hewa, nao unataka wiki nyingi. Mara nyingine tumekata hapo kwa kifaa cha umeme, na joto lile linaunguza kingo, na kingo zilizoungua hupona polepole. Ndiyo maana ajali ya mshono wa juu ya uke kufumuka, ingawa ni nadra, huonekana zaidi kwa waliotolewa kizazi kwa kamera kuliko kwa waliotolewa kupitia ukeni. Na mara nyingi linaloufumua ni tendo la kwanza lililofanywa mapema.

Madaktari wengi husema wiki 6, wengine 8, wapo wa 12. Mimi nasema 8, na kabla ya hapo nikuchungulie kwa kifaa nione mshono umeshika. Yule mama wa kitasani nilimrudisha kwenye kitanda cha uchunguzi, nikakuta kipande cha uzi bado kinaning'inia na kingo nyekundu. Nikamwambia wiki mbili tatu zaidi. Akashusha pumzi. Nilidhani kasikitika, kumbe kafurahi: alikuwa anatafuta cheti cha kumwonyesha mumewe. Nikamwandikia, kwa mhuri.

Na asije mtu akasema sikusema: baada ya upasuaji huu, kutokwa na majimaji yenye rangi ya damu kwa wiki kadhaa ni kawaida. Damu inayolowesha pedi, usaha wenye harufu, homa, maji yanayovuja yenyewe kama mkojo, au kuhisi kitu kimeteremka ghafla ukeni, hayo si ya kesho asubuhi. Kama kitu kimetokeza, usikisukume ndani. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi na uende hospitali sasa hivi. Akina mama wa Kiislamu huniuliza pia kama ile damu ni hedhi. Kwa upande wangu, kizazi hakipo, damu hiyo ni ya kidonda. Ya sala mwulizeni shehe, ila mpelekeeni maelezo ya daktari, asihukumu bila kujua.

Tuje kwenye utamu wenyewe. Nitazungumza wazi, watoto hawapo.

Mwanamke hafiki kileleni kwa kizazi. Chimbuko kubwa la raha yake ni kinembe, na mshipa wa fahamu unaokihudumia unapita chini, chini ya misuli ya sakafu ya nyonga, mbali na pale tunapokata. Tukitoa kizazi cha kawaida, chenye uvimbe au kinachotoa damu, mshipa huo hatuugusi. Iko mishipa mingine, myembamba, iliyosukwa kama wavu pembeni mwa mlango wa kizazi na uke. Hiyo ndiyo inayoleta damu sehemu za siri wakati wa hamu, ikazifanya zivimbe na kulowana. Baadhi yake huguswa, sehemu kubwa hubaki.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba kizazi hakina lake. William Masters na Virginia Johnson, waliopima miili ya watu maabara mjini St. Louis na kuchapisha matokeo yao mwaka 1966, walionyesha kwamba mwanamke akifika kileleni kizazi nacho hujikunja na kujiachia, pamoja na misuli ya uke. Wapo wanawake wanaouhisi mkunjo huo kwa ndani, nao ni sehemu ya raha yao. Akitolewa kizazi, huyo atakwambia kilele kipo lakini kimebadilika, kama ngoma iliyopungukiwa msondo. Hakosei, wala haumwi akili. Na daktari aliyemwahidi kwamba hakuna kitakachobadilika hata kidogo alimwahidi asichokuwa na haki ya kuahidi. Wengine hawajawahi kuuhisi mkunjo huo maishani, nao hawakosi kitu. Kujua wewe ni wa kundi gani, jiulize kabla ya upasuaji, si baada.

Hapa huwa namkumbuka kungwi. Pwani yetu, na kwa wenzetu wa bara wenye unyago, binti hakuingia chumbani bila kufundwa. Alikuwepo somo wake, mtu mzima mwenye ulimi usio na aibu, aliyemweleza mwili wake ulivyo na wa mwenziwe ulivyo. Leo tuna kicheni pati na kipaza sauti. Lakini hata kungwi wa zamani, yule hasa, alimfunda mwari. Mama wa miaka 46 mwenye mshono mpya ndani, aliyeishi na mumewe miaka 20, nani anamfunda? Kazi hiyo imeangukia kwetu sisi wa makoti meupe, nasi tumeikimbia. Tunajua kuuliza umepata choo. Tunajua kuuliza umetoa hewa. La chumbani ndilo tunaloonea haya.

Utafiti wa kuwaliwaza upo, na ni mzuri. Katika jimbo la Maryland, Marekani, wanawake zaidi ya 1,000 waliotolewa kizazi kwa sababu zisizo za saratani waliulizwa juu ya tendo la ndoa kabla ya upasuaji, kisha kila baada ya miezi 6 mpaka miaka 2. Majibu yalichapishwa mwaka 1999. Kabla, waliokuwa wakipata maumivu ya mara kwa mara wakati wa tendo walikuwa asilimia 18.6, baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 3.6. Waliokuwa na hamu ndogo walishuka kutoka asilimia 10.4 hadi 6.2. Kukutana na waume kuliongezeka, hakukupungua.

Sasa angalieni jambo moja, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na mabango ya matangazo. Wanawake hao walipasuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wengi wao kwa mkato wa tumbo, ule mrefu. Nafuu yao haikuletwa na tundu dogo. Uholanzi nako, mwaka 2003, ulichapishwa utafiti wa hospitali 13: waliotolewa kizazi kupitia ukeni, waliotolewa chote kwa mkato wa tumbo, na waliotolewa kwa mkato wakaachiwa mlango wa kizazi. Makundi yote matatu raha iliongezeka, na njia iliyotumika haikuleta tofauti. Kwa lugha ya nyumbani: mama aliyekuwa akitoka damu siku 15 kwa mwezi, mwenye uvimbe kama mimba ya miezi mitano unaogongwa kila akiguswa, aliyechoka kwa kupungukiwa damu, ukimwondolea hayo yote atapenda tena kuguswa. Tundu dogo linampa kitu kingine, nacho si kidogo: maumivu machache wiki za mwanzo, kurudi nyumbani mapema, kovu lisilomtia haya mbele ya mumewe. Hilo la kovu nalisema kwa uzito. Mwanamke anayezima taa kwa sababu ya tumbo lake anapoteza mengi gizani.

Na ule ushauri wa saluni kwamba ukiachiwa mlango wa kizazi utamu utabaki? London walilipima: wanawake 279, nusu wakaachiwa, nusu wakatolewa, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Tofauti ya chumbani haikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba wapo walioachiwa ambao waliendelea kuona damu kila mwezi. Kwetu, ambako saratani ya mlango wa kizazi inaua mama zetu kila siku, mimi siuachi bila sababu ya maana. Nikiuacha, unaendelea kupimwa kama kawaida.

Nawaambieni sasa habari ninayopenda kuisahau.

Nilikuwa bado kijana kazini, katika hospitali nisiyoitaja. Alikuja mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 41, uvimbe mwingi kwenye kizazi. Tukamfanyia kwa matundu, na tulijiona mafundi, maana kifaa kilikuwa kigeni kwetu. Mkubwa wangu akatoa kizazi, akatoa na ovari zote mbili, vile vifuko vya mayai, zikiwa nzima kabisa. Sababu? "Tumeshafika huku." Ilikuwa desturi: ukimtoa mama kizazi umalize na hizo, zisije zikampa saratani. Kwenye fomu aliyotia saini paliandikwa kutoa kizazi "na vinginevyo". Mimi ndiye niliyeiandika fomu ile.

Alirudi miezi 8 baadaye. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia jasho, anajipepea kwa daftari la wanafunzi. Halali usiku kwa joto linalopanda kutoka kifuani mpaka kichwani. Ukeni pamekuwa pakavu kama kitambaa, akiguswa anaona kama anachanwa. Hamu haipo, hakusema imepungua, alisema haipo, kama mtu anavyosema sukari imekwisha dukani. Mume ameanza kumshuku ana mwingine. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba amekoma hedhi kwa sababu ya upasuaji. Akanitazama. "Lakini nyinyi mliniambia mnatoa kizazi." Sikuwa na la kujibu. Bado sina.

Ovari ndizo zinazotengeneza estrojeni, inayolainisha na kulowanisha uke, na ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya testosteroni ya mwanamke. Ndiyo, mwanamke anayo, na ina mkono katika hamu. Ukizitoa kabla ya umri wa kukoma hedhi, estrojeni inaporomoka ndani ya siku chache na testosteroni inashuka kama nusu. Anayekoma hedhi mwenyewe hupewa na Mungu miaka ya kuzoea. Aliyetolewa ovari anaamka ameshakoma. Hata aliyekwishakoma, ovari zake zinaendelea kutoa testosteroni kidogo. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari kabla ya kusaini si "matundu mangapi?" Ni "ovari zangu zinabaki? Kama hazibaki, kwa nini?" Sababu halali zipo: saratani, uvimbe wa ovari, familia zenye urithi wa saratani ya ovari au ya matiti, endometriosisi kali. "Tumeshafika huku" haimo.

Na kama zimetolewa, dawa zipo. Homoni za kurudishia, kwa asiye na kizuizi, mara nyingi hutolewa mpaka karibu umri ule ambao angekoma mwenyewe. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni inafufua ngozi iliyokauka. Yule mwalimu alipata zote mbili, baada ya kuzunguka miezi 8. Alipona kiasi. Ndoa yake sijui, na sikuona kwamba nina haki ya kuuliza.

Tundu dogo lina mahali pake pa kujivunia, na ni haki nipataje. Endometriosisi ni ugonjwa ambao tando la ndani ya kizazi linaota nje yake: nyuma ya kizazi, kwenye kano zinazokishika, kwenye ovari, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria unampata mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Maumivu yake chumbani ni ya kina, siyo ya mlangoni, mama anakwambia "kule ndani kabisa, kama kuna kidonda kinagongwa." Kidonda kipo kweli. Kamera inaingia mpaka nyuma ya kizazi, inakuza kila kitu, unakiona kile kivimbe na kukikata chote, kizazi kikabaki mahali pake. Nimeona wanawake walioambiwa miaka kumi kwamba wana jini mahaba wakapona kwa saa mbili za kazi hiyo. Siyo wote. Wapo ambao kidonda kimeondoka na maumivu yakabaki, kwa sababu misuli ya nyonga imejifunza kujikaza kila ikiguswa, na misuli haijui kwamba adui ameondoka. Huyo anahitaji mtaalamu wa viungo wa kumfundisha kuilegeza. Yale mazoezi ya kukaza aliyoyaeleza Arnold Kegel mwaka 1948, ambayo kila mtu sasa anayapendekeza kwa kila kitu, kwa huyu yanaweza kuongeza tatizo. Yeye amekaza vya kutosha.

Na iko sehemu ambapo tundu dogo lilishindwa. Saratani ya mlango wa kizazi iliyo mwanzoni hutibiwa kwa upasuaji mpana: kizazi, tishu za pembeni, na kipande cha juu cha uke. Tuliamini kamera itakuwa bora hapa pia. Mwaka 2018 ukachapishwa utafiti wa wanawake 631 kutoka nchi mbalimbali. Baada ya miaka 4 na nusu, waliopasuliwa tumbo wazi na kubaki bila saratani kurudi walikuwa asilimia 96.5, wa matundu madogo asilimia 86. Tangu hapo, mgonjwa wa saratani hiyo nampasua wazi, na kovu refu namwomba radhi. Uke wake utakuwa mfupi zaidi, ile mishipa myembamba niliyoitaja itaumizwa zaidi, na mionzi ikifuata uke unaweza kusinyaa na kushikana. Yapo ya kumsaidia, vipanuzi, krimu, ushauri, lakini anatakiwa aambiwe kabla, akiwa amevaa nguo zake mwenyewe na si gauni la wodini.

Mengine niyapitie haraka. Aliyefunga kizazi kwa kukatwa mirija: hakuna kilichoguswa kinachohusu hamu, wiki moja hivi inatosha. Aliyeingiziwa kamera kupitia mlango wa kizazi ili kuondoa uvimbe mdogo au tando: hana mshono, angoje damu ikome kabisa. Aliyetolewa uvimbe, kizazi kikabaki: kidonda kiko kwenye kizazi, uke mzima, swali lake kubwa ni ashike mimba lini, na hilo amwulize aliyemshona, kwa kuwa anajua alikata kwa kina gani.

Siku ya kurudi chumbani, ruhusa ikishapatikana, msiifanye sikukuu. Mama akae juu, au walale ubavu, ili yeye ndiye apime kina na mwendo. Ulainisho utumike hata kama haujahitajika maisha yote. Mafuta ya nazi ni mazuri na yako jikoni, ila msiyatumie na kondomu ya mpira, yanaidhoofisha. Ikiuma kidogo, simameni, mjaribu siku nyingine. Ikiuma kila mara, rudini kwangu, msivumilie. Na kwa aliyekuwa na huzuni nzito kabla ya upasuaji: ule utafiti wa Maryland ulionyesha kwamba hao ndio waliopata shida zaidi baadaye. Huzuni itibiwe yenyewe, kisu hakiifikii.

Wanaume, niliwaita mbele kwa sababu. Mara nyingi fomu mmesaini nyinyi, au mmeshikilia begi wakati anasaini, na hakuna aliyewaeleza lolote. Mnakuja kwangu, siku nyingine peke yenu, mnajifanya mmepita tu. Mmoja aliniambia hajamgusa mkewe mwaka mzima. Nikadhani ni chuki, au yale maneno ya barazani kwamba aliyetolewa kizazi ni wa baridi. Kumbe anaogopa. Aliambiwa mke wake ameshonwa ndani, akawaza kwamba akimgusa atamfumua. Mkewe naye mwaka mzima alikuwa akilia jikoni, akiamini hatakiwi tena. Wote wawili walikuwa wakiulinda mshono uliopona miezi kumi nyuma. Niliwaita pamoja, nikatoa foronya hii hii, nikampa mume aingize mkono aguse mwisho, auvute kwa nguvu aone kama utaachia.

Aliuvuta kweli. Mnauona huo uzi uliokazwa pale pembeni? Ni yeye.

Sasa maswali. Sitawalazimisha msimame. Pale mlangoni, kwenye kijimeza kilicho chini ya kitasa, nimeweka karatasi na kalamu. Andikeni, msiweke jina, tumbukizeni kwenye kopo la Kimbo. Foronya naipitisha safu kwa safu, ianzie nyuma.